Joto Lisilo na wa Kulipokea

Kofi la kwanza la siku lilitoka darini. Mji ule haukuwa na jina, au ulikuwa nalo likasahauliwa, na haukuhitaji jogoo wa kuuamsha. Bwana Paa aliamka, akanawa uso, akampiga kofi waziri wake. Aliitwa Bwana Paa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiteremka kutoka juu ya jumba lake. Alikula juu, alilala juu, alihukumu akiwa juu. Waziri alishuka ngazi ameshika shavu, akampiga mkuu wa jeshi. Mkuu wa jeshi akampiga askari, askari akampiga fundi, fundi akaenda nalo nyumbani likiwa bado la moto, akamgawia mkewe au mkewe akamgawia yeye, kutegemea nyumba yenyewe, na mwishowe likamfikia mtoto. Mtoto hakuwa na wa kumpiga. Basi alibeba ndoo, akateremka mtoni, akayachapa maji kwa kiganja, na maji yakalipokea lile kofi yakaondoka nalo. Huo ndio uliokuwa utaratibu, na watu waliuita amani. Wageni walipouliza mbona kila shavu limevimba, waliambiwa ni desturi, wakanyamaza, maana na wao walikuwa na ya kwao ya kuficha.

Katikati ya mji lilisimama Bohari. Usidhani lilihifadhi mahindi. Lilihifadhi kumbukumbu. Watu wa mji ule walikuwa wavivu wa namna yao peke yao: walikuwa wamechoka kukumbuka. Zamani, hakuna ajuaye lini, waliikabidhi kazi hiyo kwa mitambo ya Bohari, na tangu hapo mtu akitaka sura ya marehemu mama yake alikwenda dirishani akaiomba, na akitaka kujua kama ameoa aliuliza huko huko. Mara nyingine dirisha lilikosea. Ulipewa maisha ya jirani, ukayaishi hadi mtu akushtue. Mwinyimvua, ambaye ndiye tunayemfuata, aliwahi kuwa mshona viatu kwa kosa la namna hiyo, akashona vizuri tu, mpaka mshona viatu mwenyewe alipokuja na kisu kumdai mke wake. Mwinyimvua alibakiwa na kovu begani. Kovu lile ndilo kitu pekee alichobaki nacho bila kukiomba dirishani.

Kukumbuka kunatoa joto. Ukilala ukamkumbuka aliyekudhulumu utalijua hilo kwa jasho la mto wako, sembuse mitambo inayokumbuka kwa niaba ya mji mzima. Kuta za Bohari zilichemka usiku na mchana. Wanawake walibandika mikate yao ukutani ikaiva. Upepo ulipita ukabeba sehemu yake. Mto wenyewe ulichepushwa ukapitishwa ndani kwa mabomba, ukatokea upande wa pili ukifuka mvuke. Kila joto lilikuwa na wa kulipokea, kama kila kofi lilivyokuwa na shavu lake, na kwa sababu hiyo watu wa mji ule walikuwa na imani moja ambayo hawakuiona kuwa ni imani: joto likishatoka, litachukuliwa. Nani atalichukua? Hawakuuliza. Mtu akiungua kidole kwa sufuria alisema, "Litachukuliwa," akapuliza, akaendelea na shughuli zake.

Kisha Bohari likaumaliza mto.

Asubuhi ile watoto walisimama ukingoni na makofi yao mikononi, hawana pa kuyapeleka. Waliuchapa udongo, udongo ukawarukia usoni. Hapo kofi likageuka. Mtoto alimpiga baba, baba akampiga fundi mwenzake, fundi akampiga askari, na lile kofi lililozoea kushuka likaanza kupanda, likikusanya mapanga na mitaimbo njiani, hadi likafika kwenye malango ya Bohari likiwa umati mzima wa watu wanaodai mto wao. Askari walipewa amri moja tu. Walipiga risasi mpaka bunduki zikawa za moto wasiweze kuzishika, na wale waliokwisha kuanguka wakakanyagwa na waliokuwa wakikimbia.

Mboni, binti wa Mwinyimvua, hakuwa na panga. Alikuwa na ndoo. Baba yake alikuwa amemgawia kofi lake kama kawaida, si kwa nguvu, kofi la kupitisha tu, naye akaenda kulitafutia maji. Alikuta kidimbwi kimoja kimesalia kwenye jiwe, akakichota chote, akarudi. Risasi ilitoboa ndoo kwanza. Waliomwona wanasema alijaribu kuliziba tundu la ndoo kwa kiganja kabla ya kuliziba lake.

Bohari liliihifadhi sauti yake, sentensi moja ya kila siku, ile aliyoisema kila alipofika mlangoni: "Baba, nimekuja na maji." Mwinyimvua alikuwa akienda dirishani kuiomba. Aliisikiliza, akaenda zake, akasahau kuwa aliwahi kuwa na mtoto, kwa sababu ndivyo walivyokuwa watu wa mji ule, kisha kitu begani kikamuuma, akarudi dirishani kuuliza kinachomuuma ni nini, akaambiwa, na msiba ukaanza upya kama umeingia sasa hivi. Sijui kama kuna adhabu kubwa kuliko hiyo. Wengine tunafiwa mara moja.

Bwana Paa aliwaita watu juu. Alikuwapo waziri, alikuwapo Bi Sihaba, mhandisi wa mji, na alikuwapo Mwinyimvua, kwa sababu yeye alikuwa bwana mizani na jambo lenyewe lilikuwa la uzito.

"Wameligusa Bohari langu," Bwana Paa alisema. "Sasa nalipeleka wasikofika. Nalipandisha angani, lizunguke huko. Bi Sihaba, hilo haliwezekani?"

"Linawezekana, Mheshimiwa," Bi Sihaba alijibu. "Jua la huko halitui na halina mwenyewe. Hutahitaji mto, hutahitaji kiwanja, hutakuwa na jirani wa kukulalamikia. Lakini safari yenyewe ndiyo inayokula. Kitu kimoja kikipanda, vitu vyenye uzito mara nyingi wa hicho lazima viungue huku chini vikisukume. Na kikiharibika, hakuna fundi wa kumwita."

"Vitaungua. Mji una milango mingi."

"Liko pia jambo la joto, Mheshimiwa."

"Kule ni baridi kuliko kaburi. Hata mtoto anajua."

"Ni baridi, ila ni patupu. Hapa joto linabebwa na upepo, linabebwa na maji, linabebwa na akina mama na mikate yao. Kule hakuna hewa. Hakuna mtu. Joto litaondoka kwa njia moja tu, kwa kumulika, kama kaa la moto linavyokupiga uso hujaligusa. Na njia hiyo ni nyembamba. Tutalitengenezea Bohari mabawa, mapana kuliko Bohari lenyewe, mapana kama mashamba, yawe yanalitoa joto nje kidogo kidogo. Bila mabawa litajipika."

"Mabawa yana uzito?"

"Yana uzito mkubwa."

Bwana Paa alikunja uso. Bi Sihaba angenyamaza hapo angekuwa salama, lakini alikuwa mtu wa kumaliza hesabu aliyoianza. "Mheshimiwa, naomba kuuliza. Tumeshapima kama tutakachokipata huko juu kitazidi tutakachokiunguza hapa?"

Kofi lilimtoa damu puani. Chumba kizima kilisubiri alipitishe. Mwinyimvua, aliyekaa kando yake, alimgeuzia shavu kwa adabu, kama mtu anavyosogeza bakuli apakuliwe. Bi Sihaba alimtazama, akalibakiza kofi lile ndani yake. Hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Inasemekana hakuwahi kupitisha hata moja tangu azaliwe. Mwinyimvua aliteremka ngazi akijisikia mtu aliyenyimwa haki yake.

Mji ulianza kuungua ili Bohari lipande. Askari walipita nyumba hadi nyumba wakibomoa milango, vitanda, mihimili ya mapaa, mikongojo ya wazee, na vyote vikapelekwa kwenye tanuri kubwa lililochimbwa kiwanjani. Aliyekataa alivunjwa mikono. Mzee mmoja aliukumbatia mlango wake, akasema aliutengeneza kwa ajili ya harusi, ingawa hakukumbuka ya nani. Walichoka kumbandua, wakaubeba mlango pamoja naye. Hakuna aliyesimama kuona kama aliteremshwa kabla ya tanuri. Jua lilikwama mahali pamoja siku hizo, au pengine siku zilikuwa moja ndefu, na moshi ulikaa chini kama umekatazwa kuondoka.

Mwinyimvua alipewa mizani na msumeno. Kazi yake ilikuwa moja: kisichohitajika kisipande. Alikata vishikio vya mitambo, akakata ngazi, akakata herufi za chuma zilizoandika jina la Bohari. Kisha ikaja amri kwamba masanduku ya sauti za waliouawa siku mto ulipokauka yaachwe. Ni sauti za waasi, amri ilisema, na tena ni nzito mno. Hilo la uzito lilikuwa kweli. Sauti ya aliyekufa kitandani mwake ilikuwa nyepesi, mtu aliibeba kwapani. Sauti ya aliyeuawa ilitaka wanaume wawili.

Sanduku la Mboni alilibeba peke yake. Misuli ya mgongo ilimkatika, akaendelea kulibeba. Alilificha nyuma ya mabawa, yaliyokuwa yamekunjwa kiwanjani, mabamba meusi yaliyotandazwa juu ya vimirija, kunjo juu ya kunjo, makubwa kuliko mtaa wake. Mizani ilikuwa imefika mwisho. Kama sanduku linapanda, kitu kingine cha uzito ule ule kinabaki. Alisimama na msumeno wake.

Kipande tu. Nani atakiona. Mabawa mapana kama mashamba, na shamba likikatwa kijia linabaki shamba. Ni baridi kuliko kaburi huko, hata yeye Sihaba alikubali. Kipande tu. Nilimpiga asubuhi ile. Si kwa nguvu. Nikimwacha hapa atayeyushwa na chuma chakavu, na nikiuliza dirishani nina nini begani nitaambiwa huna kitu. Huna mtoto, hukuwa naye. Je, aliyesahauliwa na wote alikuwapo? Na mimi nitakayekuwa sina mtoto, nitakuwa nani? Mshona viatu? Joto litachukuliwa. Litachukuliwa na mwingine. Kipande tu.

Alikata. Vimirija vilitoa maji meusi yaliyomchoma viganja. Alikuwa karibu kumaliza pale kitako cha bunduki kilipomshukia kisogoni, akaanguka kifudifudi juu ya bawa. Ilikuwa zamu ya Faki, askari wa kiwanja, kijana mnene mwenye pumzi fupi. Faki alimpiga mateke ya mbavu kwa utaratibu, bila hasira, hadi akamsikia anakoroma. Kisha akaweka bunduki chini, akatoweka, akarudi akiburuta sanduku.

"Kata na kingine," alisema.

Mwinyimvua alimtazama kwa jicho moja, la pili lilikuwa limefumba kwa damu.

"Huyu ni mama yangu. Alikuwa malangoni siku ile. Mimi nilikuwa upande wa bunduki." Faki alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Sijui kama risasi ilikuwa yangu. Nimeliuliza dirisha mara nyingi, linaniambia tu niende nyumbani. Kata, mzee wangu."

Alikata. Nao hawakuwa wa kwanza. Alipoinuka kushika bawa asianguke, Mwinyimvua aliona upande wa pili alama za misumeno mingine, mipya na ya juzi, na nyuma ya kila kunjo masanduku yaliyofunikwa kwa magunia. Kila fundi aliyepita pale alikuwa amekata kipande chake. Walichokiacha kilikuwa kama mbavu za ng'ombe aliyekufa kwa ukame. Mwinyimvua aliona, akaelewa, na akafanya lile ambalo kila mmoja wao alikuwa amelifanya kabla yake: alilisukuma sanduku la mtoto wake ndani ya kunjo, akalifunika kwa gunia.

Bohari lilipanda. Tanuri lilipasuka kwa mngurumo uliowatoa watu damu masikioni, na waliosimama karibu wakishangilia waliungua wakiwa bado wamenyanyua mikono. Bwana Paa alikwenda nalo. Hakuweza kustahimili kitu kuwa juu yake. Chini palibaki kiwanja cheusi, mnara wa chuma, na lile dirisha lililosimama peke yake bila ukuta, maana mnara uliunganishwa nalo ili mji uendelee kuuliza na kujibiwa.

Kulipopambazuka, watu walitoka kwenye nyumba zisizo na milango, wakasimama wakiwa wamegeuza mashavu. Kofi halikuja. Waziri alimngoja Bwana Paa, mkuu wa jeshi alimngoja waziri, mafundi waliwangoja askari. Huko juu Bwana Paa naye aliamka, akanawa uso, akanyanyua mkono, akatazama kulia na kushoto. Dirisha liliwaletea mlio wa kofi likipiga ukuta, kisha kilio chake kifupi, kwa sababu ukuta ulimrudishia. Akapiga tena. Akarudishiwa tena. Ukweli ni kwamba alikuwa amefika mahali alipopataka maisha yake yote, mahali pasipo na mtu chini ya mkono wake wala juu yake, na mkono haukujua kufanya kazi nyingine. Mji ulimsikiliza akijipiga hadi mchana. Wengine walimhurumia, na hilo ndilo linalonikera zaidi katika habari hii yote.

Kisha zikaja sauti. Kwanza zilikuja safi kuliko zilivyowahi kuwa, na watu walilia kwa furaha. Mwinyimvua alijipenyeza hadi mbele na mbavu zake zilizovunjika.

"Baba, nimekuja na maji."

Alicheka. Alimgeukia Faki aliyekuwa kando yake, akamwambia, "Huyo ni wangu. Anaitwa Mboni." Faki aliitikia kwa kichwa, akisubiri wa kwake.

Lakini Bohari lilikuwa likikumbuka, na kukumbuka kunatoa joto, na joto lilizunguka ndani likitafuta mlango. Lilikwenda kwenye mabawa likakuta mbavu. Hakukuwa na upepo wa kulibeba. Hakukuwa na mto, wala mama na mkate wake. Likarudi lilikotoka, kama kofi la Bwana Paa. Sauti zikaanza kunata. Mwanamume mmoja aliomba sura ya mkewe akaletewa sura ya mbuzi, akaibusu. Mwanamke alisahau jina lake katikati ya kulitaja. Huku na huko watu walishikana koo, kila mmoja akidai yeye ndiye yule mwingine, na visu vikatoka.

"Nimekuja na maji," dirisha lilisema. Neno la kwanza lilikuwa limeungua.

Bi Sihaba aliteremka kutoka mnarani, alikokuwa akitazama angani kwa darubini. Alikuwa na nyundo ya kufulia chuma. Watu walimpisha.

"Nani aliyakata mabawa?"

Mafundi waliangalia chini. Faki alirudi nyuma hatua kadhaa. Mwinyimvua alikuwa bado na tabasamu la Mboni usoni, na huenda ndiyo sababu alijibu.

"Mimi, Bi Sihaba. Kipande tu."

"Kipande tu," Bi Sihaba alisema. "Na nyote hapa, kipande tu. Mlidhani nani atalipokea? Nilisema hakuna mtu huko. Nilisema wazi, na damu ikanitoka."

"Nilidhani litachukuliwa," Mwinyimvua alisema. "Mtoto wangu alikuwa hana nafasi."

Makofi yote ambayo mwanamke yule hakuyapitisha tangu azaliwe yaliingia kwenye nyundo. Pigo la kwanza liliuvunja mkono wa Mwinyimvua juu ya kiwiko, mfupa ukatokeza nje ya shati. Alipiga magoti. Hakujikinga. Kwa namna fulani aliona afadhali, hatimaye kitu kilikuwa kimempata mwenyewe. Bi Sihaba aliinua nyundo kwa pigo la pili, la kichwa, na angelipiga, hakuna wa kumlaumu.

"Na maji," dirisha lilisema.

Juu, mchana kweupe, nyota iliwaka pasipokuwa na nyota. Ilikua, ikawa nyeupe, ikakatika vipande.

Nyundo ilibaki hewani. Bi Sihaba aliitazama. Alimtazama mtu aliyepiga magoti mbele yake, akautazama mfupa wake, na uso wake ukalegea kidogo kidogo, kama wa mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata.

"Samahani, kaka yangu," alisema. "Nyundo hii ni ya nini?"

"Sijui, dada," Mwinyimvua alijibu. "Mimi mwenyewe nimeumia, sijui nimeangukia wapi."

Walikuwa wamezungukwa na watu waliosimama na visu mikononi, wakiviangalia. Hakuna aliyejua aliyekuwa anataka kumchoma nani. Askari mnene alikuwa anamuuliza kila aliyepita kama amemwona mama yake, kisha hakuuliza tena.

"Maji," dirisha lilisema, kwa mwangwi uliosalia mnarani. Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike. "Maji."

Mwinyimvua aligeuka. Kovu begani lilimuuma, akalikuna bila kujua lina habari gani. "Unasikia? Kuna mtoto ana kiu."

"Nasikia. Mtoto wa nani?"

"Sijui. Lakini amekaa na kiu muda mrefu, sauti imeshamkauka." Alitazama huku na huko, akaona ndoo kuukuu imetupwa kando ya kiwanja, akaiokota kwa mkono ule mzima. Ilikuwa na tundu ubavuni, akaliziba kwa kiganja.

Akashika njia ya mtoni, mkono uliovunjika ukining'inia, na nyuma yake dirisha likaendelea kuita hadi likanyamaza.